Upande wa Mashine

Baba yangu, Mzee Muigai, amesaga mahindi pale Yamumbi kwa miaka thelathini. Sikio lake la kushoto lilipoanza kufa hakuna aliyeshangaa. Wasaga unga wote tunaowajua wana masikio mabovu kwa kelele za mashine, na wanajisifu nayo kana kwamba ni cheti. Mteja akiongea kushoto kwake, Baba alimwambia azunguke, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, jambo ambalo sijisifii leo.

Mwaka huu nilichoka kupaza sauti, nikampeleka kliniki moja mtaani Pioneer. Nilitaka apewe kifaa cha kusikia turudi nyumbani. Daktari Jerop alimpima masikio yote mawili, kisha akampima presha. Ilikuwa juu sana.

"Mzee, hii ya kulia iko sawa kwa umri wako," alisema. "Ya kushoto ndiyo imeharibika. Utafiti umeonyesha wazee wenye sikio moja limeharibika kuliko lingine hivi wanapatwa na stroke, kiharusi, zaidi. Si ati sikio ndiyo inaleta. Lakini pengine ni mishipa ya damu inasumbua, na kwa hiyo presha yako siwezi kukuachilia hivi hivi."

"Ni mashine," Baba akasema. "Daktari, wewe hujawahi kusaga unga."

"Sawa. Ukisaga, mashine inakaa upande gani?"

Baba alisimama amfundishe. Alishika gunia lisilokuwepo, akainamisha shingo kama afanyavyo kila siku, na mkono wa kulia ukaenda kugusa mashine. Akabaki hapo hapo. Sikio lililokufa lilikuwa upande wa pili, ule wa mlango wa kinu.

Aliketi. Alikubali dawa bila ubishi, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana Baba hubishana hata na mhubiri wa redioni.

Tulipotoka nje aliniita Mama. Nina jina la mamake, lakini huniita hivyo mara chache.

"Mama, nimejua si mashine tangu mwaka juzi, maana iko kulia," alisema. "Baba yangu alianza hivi. Sikio, halafu mkono, halafu akanyamaza kabisa. Nilitaka tu iwe mashine."

Nilikasirika. Miaka miwili tulikuwa tukimcheka mtu aliyejaa woga. Nikanunua maji kwenye kioski, nikampa kidonge cha kwanza, nikasimama mbele yake mpaka akakimeza.