Maharage ya Dawati la Kinga

Bado nina hasira. Miaka imepita, wengi wa wale watu wamekufa au wamehamia Florida, lakini mpaka leo nikiona maharage ya kopo kwenye rafu ya duka nageuza kigari changu nipite upande mwingine.

Ofisi yetu ilikuwa Baltimore, ghorofa ya tisa, madirisha yakitazama bandari. Kazi ya kampuni haikuwa na maajabu. Tulikopa pesa kwa siku thelathini thelathini, tukanunua hati za mikopo ya nyumba, zile ambazo nyuma yake kuna maelfu ya watu wanaolipia nyumba zao kila mwezi, kwa riba ileile, kwa miaka thelathini. Tulikopa kwa asilimia tatu, hati zikatuletea saba. Hiyo tofauti ndiyo iliyotulisha sisi na wenye hisa. Hatari yake ni moja tu. Riba ikipanda, sisi tunaokopa upya kila mwezi tunalipa zaidi papo hapo, huku hati zetu zimeganda kwenye saba ileile na bei yake sokoni inaporomoka.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Naitwa Lorraine Wojcik, Lori kwa wenzangu, na dawati langu, yaani kitengo changu, liliitwa dawati la kinga. Niliandikiana mikataba na mabenki: sisi tunawalipa riba isiyobadilika, wao wanatulipa riba ya soko, iwe juu iwe chini. Riba ikipanda, wanatulipa wao, na hasara ya hati inazibika. Riba ikishuka, tunawalipa sisi, lakini wakati huo hati zetu zimepanda bei, kwa hiyo kampuni haiumii. Mkono mmoja ukipoteza, mwingine unapata. Mtu mwenye akili timamu anajumlisha mikono yote miwili. Bosi wetu, Brantley Ostrander, alihesabu kila mkono peke yake, na akafanya hivyo mbele ya watu, kwa kicheko.

Kila mwaka, Ijumaa ya pili ya Desemba, alitupeleka chakula cha mchana kwenye hoteli moja karibu na maji. Sheria aliitunga mwenyewe: dawati lililoingiza faida mwaka huo linakula steki, dawati lililopata hasara linakula maharage ya kopo kwenye sahani ya bati. Alizileta zile sahani mwenyewe, kwenye mkoba wake. Toka mwaka tisini riba zilikuwa zinashuka tu. Hati zikapanda bei, Teague wa dawati la hati akala steki. Mimi nikala maharage mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Teague alikuwa na mchezo wake. Alikata ule ukingo wa shahamu kwenye nyama yake, akauchoma kwa uma, akanidondoshea kwenye bati langu.

"Kula, dada," alisema. "Usije ukasahau ladha."

Nilicheka na wenzangu. Hilo nalo linaniuma, kwamba nilicheka.

Na kila Januari Ostrander aliniita ofisini kwake. "Lori, hizi kinga zako zinatutafuna. Tupunguze nusu, gawio la wenye hisa linenepe kidogo." Kanuni ya kampuni ilisema kinga haipunguzwi bila sahihi mbili, yake na yangu. Miaka mitatu nilimjibu neno moja, hapana, nikarudi kwenye kiti changu. Sikuwa shujaa. Nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa inakaa mtaa wa Highlandtown, kwenye nyumba ya matofali yenye ngazi tatu za marumaru.

Baba yangu, Casimir, alifanya kazi kiwanda cha chuma miaka ishirini na tisa. Walipompunguza walimpa fidia ya mkupuo, dola elfu arobaini na moja, akaja nazo kwangu akiwa na hundi ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya koti. "Wewe ndiye unayejua mambo haya," akasema. Nikamnunulia hisa za kampuni yetu, zote, dola kumi na sita kila moja. Gawio lililokuja kila miezi mitatu lilimlipia mafuta ya kupashia nyumba, dawa za presha na kodi ya jiji. Majirani walipomuuliza haogopi soko la hisa, aliwajibu, "Naogopa nini? Anayelinda pale ni binti yangu."

Desemba ya mwaka tisini na tatu Ostrander akaja na jipya: kila mtu alete mgeni mmoja, na mgeni atakula anachokula mwenyeji wake. Ningemleta nani? Mama alishafariki, mume sikuwa naye. Nikamwambia Baba. Nilimweleza juujuu kwamba kuna utani wa chakula. Akavaa suti yake ya mazishi na harusi, akapaka viatu rangi.

Sahani mbili za bati zikawekwa mbele yetu. Baba akaitazama yake, akatandika kitambaa mapajani, akaanza kula. Kulia kwetu steki zinachuruzika, kushoto kwetu steki zinachuruzika. Teague, tai nyekundu, akainama juu ya meza.

"Mzee, pole sana. Binti yako ametugharimu milioni sita mwaka huu."

"Milioni sita?" Baba akauliza.

"Sita na ushee. Lakini tunampenda hivyohivyo."

Meza nzima ikacheka. Kisha Teague akakata ukingo wa shahamu, akauchoma kwa uma, na safari hii hakuuleta kwangu. Akaudondosha kwenye sahani ya baba yangu. Baba akasema asante, akaula. Halafu akamwita mhudumu akaomba maharage zaidi, na Ostrander akapiga makofi, akasema huyo ndiye mwanamume. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kama pangekuwa na kisu cha maana karibu yangu, sijui.

Ndani ya gari Baba aliniuliza, "Yule wa tai nyekundu anafanya nini hasa?"

"Ananunua hati."

"Na wewe?"

"Mimi ni bima yake. Akianguka, mimi ndiye ninayemdaka."

"Aa," akasema. Akageukia dirishani, na hatukuzungumza tena mpaka kwake.

Ile "aa" ndiyo iliyonimaliza. Niliisikia usiku na mchana, Krismasi nzima. Niliisikia kama aibu ya mzee aliyevaa suti yake nzuri akalishwa makombo mbele za watu kwa sababu ya mwanawe. Tarehe sita Januari sikungoja kuitwa. Niliingia ofisini kwa Ostrander nikamwambia sawa, tupunguze nusu.

Akanikazia macho. "Una uhakika?"

"Si ndicho unachotaka?"

"Miaka yote nakwambia! Hatimaye umekua, Lori. Desemba utakula nyama na sisi."

Tukatia sahihi. Kuvunja ile mikataba kulichukua simu tano na faksi tatu. Nilijua ninachofanya. Nataka hilo lieleweke, maana watu hupenda kunihurumia kana kwamba nilikuwa sijui. Nilijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Siku ishirini na tisa baadaye, Ijumaa ya kwanza ya Februari, Benki Kuu ikapandisha riba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Robo ya asilimia tu. Teague akasema ni kikohozi, kitapita. Machi wakapandisha tena. Aprili tena. Mei wakapandisha nusu nzima. Hati zetu zikaanguka wiki hadi wiki, na wale waliotukopesha wakaanza kupiga simu asubuhi: dhamana yenu imepungua thamani, leteni pesa kabla ya saa tisa alasiri. Pesa hatukuwa nazo, kwa hiyo tukauza hati kwa bei ya kutupa, na kila tulipouza, bei ikashuka zaidi, simu zikaongezeka. Tai ya Teague ilikuwa kwenye droo. Alikuwa anakuja kunisimamia mgongoni.

"Lori, kinga zinaleta ngapi?"

"Milioni kumi na moja."

"Na sisi tumepoteza ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Kwa hiyo tungekuwa na zile zingine..."

"Nenda kakae, Teague."

Zile zingine zingeleta kumi na moja nyingine. Tungepata mchubuko tukaendelea na safari. Badala yake, Juni gawio likafutwa, na kufikia Oktoba hisa ya dola kumi na sita ilikuwa inauzwa dola tatu, akipatikana wa kuinunua. Watu thelathini walifungasha vitu vyao kwenye maboksi. Wengine niliwapakilia mimi.

Baba, miaka sitini na saba, akapata kazi ya kulinda maegesho ya magari karibu na bandari. Alikaa kwenye kibanda chenye hita ndogo, akigonga tiketi. Nilimpelekea pesa, akazirudisha kwenye bahasha ileile. Na hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kila Jumapili niliposhuka kanisani naye, aliwasimamisha watu kwenye ngazi. "Kampuni ilizama, lakini si kwa upande wa mwanangu. Wangemsikiliza huyu, wasingefika pale." Nami nilisimama pembeni na mkoba wangu, kimya. Toka Januari nilikaa kimya. Hasira niliyokuwa nayo kwa Ostrander na Teague haikufikia robo ya ile niliyokuwa nayo kwa yule mwanamke mwenye mkoba.

Ungedhani Desemba hiyo hapangekuwa na chakula cha mchana. Kilikuwepo. Tulibaki kumi na mmoja, Ostrander akaleta mabati yake, akasema sheria haibadiliki, na mwenye mgeni amlete. Nilitaka kukataa. Lakini Baba alikuwa amekwisha kuomba ruhusa ya saa moja kwa mkubwa wake, na alikuja kwa miguu kutoka maegesho akiwa na koti la kazi lenye jina lake kifuani.

Ostrander akasimama. Alikuwa amekonda, shingo inaelea kwenye kola. "Mwaka huu," akasema, "dawati moja tu limeingiza faida. Lori, hongera." Watu wakapiga makofi, kwa kweli walipiga makofi. Sahani mbili za steki zikaja kwangu na kwa mgeni wangu. Wengine wote wakapewa maharage. Teague akatazama bati lake.

Baba aling'aa. Akatazama meza, mtu mmoja mmoja, kisha akanigonga begani. "Si niliwaambia? Nilijua, mwanangu. Nilijua toka mwanzo." Akakata kipande, akakiweka mdomoni, akafumba macho.

Sikuweza tena.

"Baba, nilizipunguza."

"Nini?"

"Kinga. Januari. Nilizivunja nusu kwa sahihi yangu. Zingekuwepo zote tusingezama, na hela yako ingekuwepo."

Alitafuna polepole mpaka akameza. "Walikulazimisha?"

"Hapana. Walikuwa wananiomba miaka yote, nikakataa. Safari hii nilienda mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya yale maharage. Walivyokulisha mbele za watu. Na ile shahamu. Nilikuona kwenye gari ulivyonyamaza."

Akaweka uma chini. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeleta tiketi ya maegesho mengine.

"Nilinyamaza nilikuwa nafikiria kazi yako," akasema. "Kiwandani tulikuwa na mtu kama wewe. Kazi yake kukaa kwenye mlango wa tanuru na mpira wa maji, zamu nzima, hafanyi kitu. Tulimtania mpaka basi. Hakuna aliyethubutu kuingia kabla hajafika. Nilikuwa nafikiria, kumbe mwanangu ndiye mtu yule."



"Na yale maharage," akasema, "yalikuwa matamu. Si niliomba ya pili?"

Akamwita mhudumu kwa kidole, akamuuliza kama jikoni yamebaki. Yakaja kwenye bati. Baba akasukuma steki yake upande wangu, ikakaa karibu na ya kwangu, sahani mbili, akaanza kula maharage kwa kijiko, bila haraka, maana saa moja yake ya ruhusa ilikuwa haijaisha.

"Sina njaa, Baba," nikasema.

"Kula," akasema, bila kuinua macho. "Zote mbili. Nyama ya bei hiyo hatutainunua tena."