Gitaa Alilopewa Wifi

Gitaa la marehemu baba lilifika karakanani likiwa limeviringishwa ndani ya shuka la kitandani, na aliyelibeba alikuwa wifi mtu. Hilo peke yake lilitosha kumharibia Bi Gundi asubuhi yake.

Bi Gundi ni jina alilopewa na wateja, kwa kuwa vidole vyake havikukosa gundi mwaka mzima. Alikuwa fundi wa magitaa, na kazi hiyo aliifuata kwa ajili ya baba yake, aliyepiga gitaa hilohilo tangu ujana. Siku zote alijua litakuwa lake. Mzee alipofumba macho, ikabainika gitaa alishampa wifi huyo, mke wa kaka yake Bi Gundi. Mkwe! Si mwanawe wa kumzaa. Miaka miwili ilipita na kinyongo kilikuwa palepale.

"Wifi, mbona unaniangalia kama nimekukanyaga?" mgeni alisema huku akicheka.

"Kukanyaga bado. Liweke hapo mezani."

"Kuna mnunuzi wa magitaa ya zamani anakuja Jumamosi. Anataka barua ya fundi inayoeleza hali yake. Nikasema, nihangaike na mafundi wa watu wakati wifi yangu yupo? Chumba cha kushonea nimeshapata, bado cherehani tu. Hebu lipige msasa, ulipake vanishi mpya, ling'ae kama la dukani. Limechakaa mpaka naona aibu."

Bi Gundi akawasha taa, akachungulia ndani ya tundu kwa kioo kidogo. Hapakuwa na ufa uliowahi kugundishwa. Masikio ya kukazia nyuzi yalikuwa yaleyale ya tangu lilipoundwa. Mgongo ulikuwa wa mti ambao siku hizi ni marufuku kuukata, na aliyeliunda aliunda machache tu kabla hajaacha kazi. Ubao wa mbele ulikuwa umeiva rangi ya asali, na mahali mkono wa baba ulipozoea kulala, vanishi ilikuwa imelika taratibu mpaka mbao ikaonekana.

Magitaa makuukuu yalikuwa tele mjini, na mengi hayakufaa hata kuning'inizwa ukutani. Uzee peke yake hauna bei. Bei ya hili ilikuwa kwenye ile vanishi ya kwanza, chakavu hivyohivyo, ambayo hakuna fundi aliyeitia mkono. Ikiondolewa, zaidi ya nusu ya thamani inakwenda nayo, na hairudi, hata aje fundi gani.

Wifi hakuyajua hayo. Bi Gundi aliyajua, akachukua msasa.

Si ameomba mwenyewe? alijiambia. Nani atanilaumu? Akaligeuza gitaa, akaanzia chini, karibu na kitako. Akasugua mara moja, akasugua tena. Unga mwembamba ukamdondokea mapajani, na pale aliposugua pakatokea doa jeupe la ukubwa wa kidole gumba.

Wifi, aliyekuwa amejikalia juu ya kreti, akaangua kicheko peke yake. "Mzee angeniona leo angenifukuza!"

"Kwa nini?"

"Si ndiyo sababu alinipa mimi? Nilimkatalia, nakwambia. Nikasema, baba, fundi yupo, mpe yeye. Akasema, 'Yule? Yule nikimpa, kufika jioni keshalifungua lote. Tangu ana miaka kumi na mitano ananisumbua, baba nizibe hapa, baba ninyooshe pale. Nampenda sana, ila mikono yake haitulii. Wewe hujui kitu, utaliacha lilivyo.'" Wifi akajifuta machozi ya kicheko. "Na mimi nisiyejua kitu ndiye nimelileta lipakwe rangi!"

Kumbe alipendwa, ila hakuaminiwa. Na hata neno la kwamba anampenda, mzee alimwachia wifi huyuhuyu alitunze.

Bi Gundi akauweka msasa chini. "Lichukue gitaa lako. Usilipake chochote. Hiyo vanishi mbovu unayoionea aibu ndiyo anayoifuata mnunuzi. Ukiing'oa, umeuza mbao tu."

"Umejua sasa hivi?"

"Nilijua kabla sijashika msasa."

Wifi akautazama msasa, akalitazama doa. Kicheko kilikuwa kimemkauka usoni. "Ulijua, ukaanza kukwangua?"

"Ndiyo."

"Nimekukosea nini mimi?"

"Alikupa wewe."

"Basi ungeniambia usoni tugombane kama watu!" Wifi alisimama. "Wanangu wanakuimba shangazi, shangazi, kutwa nzima, kumbe shangazi mwenyewe ndiye huyu!"

Bi Gundi akavuta karatasi, akaandika hali ya gitaa kipande kwa kipande, na mwisho akaandika: *Chini, karibu na kitako, vanishi imekwanguliwa sehemu ndogo. Aliyeikwangua ni mimi.* Akatia sahihi.

Wifi akasoma, midomo ikicheza. "Akiona hivi atashusha bei."

"Atashusha, lakini si nusu. Tukimficha ataliona mwenyewe, halafu hataamini hata yaliyo kweli."

"Basi Jumamosi utakuwepo. Utamweleza kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimekaa pale."

"Nitakuja."

Wifi akaanza kuliviringisha gitaa kwenye shuka, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala. "Kabla mnunuzi hajalichukua nitapiga ule wimbo ambao baba alikuwa akinipigia jikoni nikipika."

"Wimbo gani?"

"Huujui?"

Wivu ukampanda Bi Gundi upya, wa moto kabisa, mpaka masikio yakamwaka. Akaumeza.

"Siujui," alisema. "Nifundishe."

Wifi akafunga fundo la shuka, bado amenuna. "Basi uje mapema," alisema. "Ni mrefu."