Magodoro Juu ya Paa

Mama Pasi alipopandisha godoro la kwanza juu ya paa, mtaa mzima ulitoka nje kutazama, na wasiotoka waliletewa habari ndani. Mwanamke wa umri wake, mwenye magoti yanayolalamika hata akivuka kizingiti, amekwea ngazi ya mumewe na godoro mgongoni! Chini alisimama binti yake, mwoka mikate, ameishika ngazi kwa mikono miwili na amenuna.

"Mama Pasi!" akaita Kinyozi kutoka mlangoni pa kibanda chake, mkasi mkononi, mteja wake kamwacha amenyolewa nusu kichwa. "Paa nalo limechoka, unalitandikia lilale?"

"Nyoa kichwa cha watu, Kinyozi. Hiki changu niachie mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alilitandaza godoro juu ya chumba cha nyuma, akaliwekea mawe pembeni, akashuka kufuata la pili. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na hakuwa na muda wa kubembelezana na midomo ya watu.

Chini ya paa hilo alilala mumewe. Wote walimwita Fundi, kwa sababu karibu kila bati lililofunika kichwa cha mtu pale mtaani alilipigilia yeye. Uvimbe ulioota kwenye uti wa mgongo ulimwangusha mwanzoni mwa kiangazi, na tangu hapo hakuinuka. Hospitalini walimpasua, wakamshona, wakampa dawa za kutuliza maumivu, wakasema akatunzwe nyumbani. Mama Pasi aliwaelewa vizuri sana. Alikuwa amefua na kunyoosha nguo za watu maisha yake yote, na alijua doa linalotoka na doa lisilotoka. Lakini kuelewa si kukubali.

Katika ukoo wa Fundi kulikuwa na neno la tangu zamani. Mgonjwa aliyelala kiangazi kizima huchukuliwa na mvua ya kwanza. Ikigonga bati naye akaisikia, basi ndiyo imemwita, na ardhi haikauki kabla hajaondoka. Wewe msomaji unaweza kucheka, na hata Mama Pasi alicheka alipolisikia mara ya kwanza, akiwa bibi harusi. Kisha akamwona baba mkwe akienda hivyo. Akamwona wifi yake akienda hivyo hivyo, kijana kabisa, matone hayajakauka dirishani. Mama mkwe mwenyewe, aliyekuwa mlinzi wa neno hilo, alitega sikio siku mvua ilipoanza, akasema, "Haya, imefika," akageukia ukutani. Baada ya hapo nani atacheka?

Kitu kimoja tu kilimpa Mama Pasi pa kushika. Siku ile ya kucheka kwake alikuwa ameuliza, "Na asipoisikia je?" Mama mkwe akamjibu kwa utani, huku akipeta, "Asiyesikia hodi hafungui mlango."

Lilikuwa neno la mzaha, limesemwa miaka mingi iliyopita na mwanamke ambaye sasa ni marehemu. Mama Pasi akalishika kwa mikono miwili. Mfa maji haachi kutapatapa.

Magodoro yalipokwisha alivuka barabara kwenda kwa Kinyozi kuomba kamba. Akamweleza yote, maana kamba haiombwi kwa kiburi. Kinyozi alimsikiliza akiwa anafuta wembe, na ule utani wake ukamtoka.

"Kiti hiki kimekaliwa na watu wa kila namna," alisema. "Kuna mmoja wa nchi za baridi, aliniambia kwao wagonjwa huondoka majani ya miti yakipukutika. Mwingine akasema kwao ni theluji ya kwanza. Baharia mmoja, alikuwa na kipara lakini anapenda kukaa tu, akasema kwao hakuna anayekata roho mpaka maji ya bahari yapwe. Kila watu na msimu wao, Mama Pasi. Ila sijasikia hata mmoja aliyesema kwao hawaondoki."

"Mimi sikuja kuuliza. Nimekuja kuomba kamba."

Akampa kamba. Akampa na zulia kuukuu lililokuwa chini ya kiti, limejaa nywele za watu wasiojuana.

Mvua ilianguka mchana, siku mbili baadaye. Mama Pasi alikuwa kando ya kitanda ananyoosha shati la mteja. Aliyaona mapaa ya jirani yakigeuka meusi kupitia upenyo wa mlango, akausukuma mlango kwa mguu ukafungika. Dirisha alikwisha kuliziba kwa ubao na blanketi, kwa kisingizio cha vumbi. Feni ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Juu, magodoro yalikuwa yanakunywa maji kimya kimya. Alisimama na pasi mkononi, akimtazama mumewe usoni.

Fundi akafumbua macho. Dawa zilikuwa zimemlegeza ulimi.

"Mvua bado?"

"Bado, Fundi. Jua kali kama nini."

Akafumba macho. Mama Pasi akauona uso ule ukitulia, akajua mumewe amefarijika. Shati la mteja lilikuwa limeungua kola. Alilipa shati lile kwa furaha, na si kawaida yake.

Basi ukaanza msimu wa uongo, na uongo una kazi kuliko kufua. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumbani amelowa. Miamvuli iliachwa nyuma ya nyumba, miguu ikafutwa, nguo zikabadilishwa. Muuguzi aliyekuja kusafisha kidonda alipewa gauni kavu la Mama Pasi, pana la kutosha wauguzi wawili, akavaa bila ubishi kwa kuwa alishaona mengi katika nyumba za wagonjwa. Redio ilitolewa betri, maana watangazaji hawana siri. Radi ilipopiga, Mama Pasi alisema ni lori linamwaga mawe kwa jirani anayejenga. Kwa wingi wa radi za msimu ule, jirani huyo angekuwa amemaliza ghorofa na ua wake.

Kilichomsumbua kuliko vyote ni harufu ya udongo uliolowa, kwani haijui komeo. Akaishinda kwa sabuni na mvuke wa pasi, chumba kikawa na joto la tanuri, na Fundi akalowa jasho mchana kutwa. Nguo za wateja zilianikwa sebuleni na hazikukauka. Wengine walizifuata mbichi, wakaondoka nazo na hawakurudi.

Na kila siku, akiamka kutoka kwenye usingizi wa dawa, Fundi aliuliza lile lile.

"Mvua bado?"

"Bado."

Binti ndiye aliyeshindwa kwanza. Alirudi kutoka kwenye tanuri la mikate jioni moja maji yanamchuruzika, akamkuta mama yake anamsubiri mlangoni na kanga kavu.

"Mama, baba anateseka."

"Naona. Mimi ndiye ninayemgeuza."

"Anasaga meno mpaka mimi nasikia jikoni. Dawa haimshiki tena. Umewahi kumuuliza mwenyewe anataka nini?"

"Mgonjwa haulizwi uji."

"Huu si uji, Mama."

"Vaa kanga. Na ukiingia mwambie kuna vumbi nje."

Binti akavaa. Akaingia, akamwambia baba yake kuna vumbi. Kisha akatoka, akakaa nyuma ya nyumba kwenye mvua akalia, akabadilisha tena.

Fundi akakonda mpaka pete ya ndoa ikamvuka kidole yenyewe. Mgongo ukatoa vidonda vipya mahali ambapo muuguzi alikuwa ameahidi havitatoka. Lakini alikuwa hai. Wengine wa ukoo wake hawakufika hapo, na Mama Pasi, Mungu amsamehe, alijivuna. Mvua zilipokatika, na asubuhi mbili tatu zikapita na mbingu nyeupe, alivuka barabara kwa Kinyozi akiwa amenyoosha shingo.

"Imepita," alisema. "Imebisha hodi weee, haikusikiwa, imekwenda zake. Sasa tuna mwaka mzima."

"Mwaka mzima," alisema Kinyozi, akaanza kukung'uta kitambaa ambacho hakikuwa na nywele.

Mchana ule Fundi aliamka akili ikiwa safi, jambo lililokuwa nadra. Alimtazama mkewe kwa muda.

"Mvua bado?"

"Bado," alisema Mama Pasi, na kwa mara ya kwanza haukuwa uongo mtupu, kwa kuwa nje palikuwa pakavu.

Machozi yakaanza kumtoka Fundi. Hayakuwa na sauti, yalishuka tu kuelekea masikioni, kwa sababu hakuweza kugeuza kichwa. Mama Pasi alikuwa hajawahi kuyaona, hata walipomzika mama mkwe.

"Unaumwa? Nikugeuze?"

"Hata mvua imenikataa," alisema Fundi.

"Unasema nini, baba?"

"Nilijipa moyo. Nikasema, vumilia, Fundi, ni kiangazi tu, kina mwisho. Baba alivumilia. Dada alivumilia. Nao ikawajia. Kila nikiamka naomba mawingu. Naomba kwa Mungu, mke wangu, mawingu tu, siombi kupona." Akapumzika, akavuta pumzi. "Watu wote inawajia. Mimi nimewakosea nini?"

Mama Pasi alikaa chini, palepale sakafuni. Ule uso uliokuwa ukitulia kila alipojibu "bado" haukuwa uso wa mtu aliyefarijika. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa asubiri tena. Msimu mzima mumewe alikuwa akimwomba mlango ufunguliwe, naye alikuwa ameuegemea kwa mgongo wake wote akidhani anazuia mwizi.

Akatoka, akaegemeza ngazi, akapanda. Magodoro yalikuwa yamejaa maji na kuoza kwa chini, yananuka, hayainuliki. Kinyozi alimwona, akaacha kibanda wazi, akaja akapanda naye. Hakufanya utani wowote. Wawili hao waliyasukuma moja baada ya jingine mpaka yakaanguka uani kwa kishindo kizito. Kamba zikakatwa, zulia likatupwa. Bati likabaki tupu, linang'aa juani, na misumari ya Fundi katika mistari iliyonyooka. Akashuka, akang'oa ubao wa dirisha, akazima feni.

Kisha wakasubiri.

Kesho yake jua. Keshokutwa jua. Nguo zilikauka kabla hajamaliza kuzibana kwenye kamba, na wateja waliomkimbia wakaanza kurudi na vikapu vyao wakisifu hali ya hewa. Mama Pasi alitamani kuwamwagia mkaa wa pasi. Fundi alilala macho juu kwenye bati, anasikiliza. Usiku alisaga meno, mchana alisikiliza. La kuvunda halina ubani, na yeye alikuwa amelitia ubani miezi kadhaa, kwa gharama ya mtu mwingine.

Siku ambayo Fundi alishindwa kumeza hata uji, Mama Pasi alimwomba binti yake amshikie tena ngazi. Binti aliiona ndoo, akaelewa, akaishika ngazi. Mama Pasi akapanda mpaka juu ya chumba cha nyuma. Akachota kwa kiganja, akanyunyiza. Akanyunyiza tena. Matone yakagonga bati, tii, tii, tii, na yeye akaongeza, akaiinamisha ndoo taratibu, akaikokota huku na huku, analia na kamasi zinamtoka, magoti yanateleza kwenye bati lililolowa.

Kutoka chini ikapanda sauti, dhaifu lakini ya fundi.

"Mama Pasi."

"Abee."

"Shuka, utaanguka. Hiyo ni ndoo."

Aliingia chumbani na gauni limemgandama mwilini, maji yanadondoka sakafuni, akasimama mbele ya kitanda. Akamwambia. Alimwambia juu ya magodoro, na feni, na radi, na kanga kavu mlangoni. Hakujitetea. Alipomaliza alingoja atukanwe. Alikuwa na hamu kabisa ya kutukanwa.

Fundi alilitazama gauni lililolowa.

"Ilikuwa kubwa?" aliuliza.

"Kubwa. Mitaro ilifurika. Kwa Kinyozi viti vilielea."

"Na mimi nilikuwa hapa hapa."

"Ulikuwa hapa hapa."

"Nikakuuliza."

"Ukaniuliza, baba. Kila siku uliniuliza."

Hakumlaani. Mkono wake uliinuka kidogo juu ya shuka, ukashindwa kufika alikotaka ufike, ukarudi. Mama Pasi akaushika. Ulikuwa mwepesi mno.

"Nyingine lini?"

Akatazama nje kupitia dirisha lililo wazi. Mbingu ilikuwa tupu mpaka mwisho wake, na anga lilikuwa na ule weupe ambao mtu yeyote anayeanika nguo anaufahamu.

"Mbali," alisema. "Iko mbali, mume wangu."

Fundi akaitikia kwa macho. Mama Pasi akafungua kopo la dawa, akamwekea mdomoni kidonge ambacho wote wawili walijua hakifanyi kazi tena. Fundi akahangaika nacho kwa muda, kisha akakimeza, ili mkewe aridhike.