Kifaa Kipo, Hakijulikani

Kila siku saa moja asubuhi Deborah aliweka ordinatere yake juu ya meza ya barazani, pale Majengo, akachomeka waya, na majirani wakaanza kuingia na vikombe vyao. Kazi yake ilikuwa kuchapa barua na liste za watu. Lakini mashini yenyewe ilikuwa kuukuu, na ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta aliouweka kaka yake Éphraïm ulikuwa na mdomo: kabla ya kufunguka ulitaja kila kinachouma mwilini mwake, mstari kwa mstari, herufi nyeupe juu ya weusi. Majirani walipenda kusikiliza hayo kuliko redio.

Deborah alisoma kwa sauti, akafasiri. Feni inazunguka polepole: ni vumbi la volkano, itapulizwa. Betri imebaki na theluthi ya nguvu: ni uzee, tuivumilie. Joto limepita kiasi, chumba cha nyuma kwa jirani Namegabe: mutoto ana homa, mama yake ampeleke dispensari. Mama alimpeleka, na ilikuwa malaria.

"Onyo si kosa," aliwaambia. "Kosa linasimamisha mashini. Onyo, inakujulisha tu, halafu inaendelea na safari yake."

Siku hiyo kulikuwa na mgeni, Mama Mukamazimpaka, aliyekimbia vita ya Masisi na mume wake hadi kambi ya Munigi. Mume alifia kambini. Komite ya kambi ikafuta jina lake kwenye liste ya misaada, na kwa kuwa kambini mke huandikwa kwenye mstari wa mume, kalamu ilipita juu ya wote wawili. Sasa mvua zilikuwa zimeanza, bâche mpya, yale maturubai ya kuezekea, zingegawanywa kesho yake, na ile ya kwake ilikuwa matundu matupu. Alikuja ili Deborah amrudishe kwenye liste kabla haijatiwa sahihi.

Mashini ikawaka.

"Kifaa kipya kimeonekana," Deborah akasoma. "Mukamazimpaka. Kipo, kinafanya kazi, hakijulikani."

"Ni mimi," mama akasema.

"Ni wewe kabisa. Na chini yake: ng'ombe kumi na mbili, zimeunganishwa."

Ng'ombe hizo alikuwa ameziacha mlimani siku risasi zilipoanza. Akauliza kama yule aitwaye Gaju yumo. Kabla hajajibiwa, kile kisahani cha kuwekea CD kikatoka ubavuni mwa mashini, na maziwa yakaanza kumwagika, ya vuguvugu, yenye povu. Rosette, muuza mandazi wa nyumba ya pili, akakinga sufuria. Mama Mukamazimpaka akaonja, akasema ni ya Gaju mwenyewe, ila huyo mutu anayemkamua siku hizi ana haraka na hajui kumwimbia.

Basi ikapikwa chai ya maziwa, ya kwanza tangu barabara ya Masisi ifungwe. Watu walijaa hadi kizingitini, vikombe vikapungua, wakanywea vifuniko vya termosi. Papa Cirimwami alileta sukari yake mwenyewe, jambo lililozungumzwa zaidi kuliko maziwa. Mama Mukamazimpaka akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka.

Saa nne akafika Papa Julien, président wa komite ya kambi, kuchukua liste. Deborah alikuwa ameshachapa jina la mama mwishoni, mstari wa mia nne na kumi na mbili. Julien akalitazama, akasema mke hatoki kwenye mstari wa mume hivi hivi. Lazima mume aje mwenyewe kuomba. Akaambiwa mume amekufa. Akasema ndiyo hapo, basi hakuna ombi. Akaomba rula, akalikata jina kwa mstari ulionyooka vizuri, akatia sahihi, akagonga muhuri.

Mgeni haondoki na koo kavu, akapewa kiti na chai. Alipoonja, akafumba macho.

"Maziwa ya nani haya?"

"Ya Mama Mukamazimpaka," Deborah akajibu.

Julien akapitisha kidole kwenye karatasi, kutoka juu hadi chini, bila haraka.

"Huyo mutu simuoni hapa," akasema. "Lakini mkikutana naye, mumwambie ni mazuri sana."

"Nitamwambia, Papa Président," akasema Mukamazimpaka, akainua sufuria akamwongezea.