Mambo Manene Siyasemi

Mimi kwetu Mombasa, na mtu wa Mombasa hafundishwi fumbo. Mwenzio akipita na leso mpya, unasoma jina la leso kabla hujamtazama uso, maana neno halivaliwi bure, lina mwenyewe. Kwa hiyo Ubeid, mume wangu, aliponisomea ile chemshabongo Jumamosi asubuhi, yeye alikuwa anachekelea na chai yake, mimi moyo umeshanilipuka, pa!

"Sikiliza hii, Mwana," akasema. "'Ndani ya sanduku kubwa amefichwa, akitaga atatangaza.' Herufi nne."

"Kuku," nikamjibu.

"Hee! Umejuaje upesi hivyo?"

"Si ndiye atagaye akapiga kelele? Lakini kuku na sanduku wapi na wapi? Nani anafuga kuku sandukuni?"

Akacheka, akaandika. Mimi sikucheka. Chini ya kitanda chetu, humo humo kwenye fleti yetu ya Gulfton, huku Houston Marekani, kulikuwa na sanduku kubwa, na ndani yake, katikati ya nguo zangu za harusi, nimeficha barua mbili za bodi ya manesi kutoka Austin. Zote zinasema mamoja: nimefeli mtihani wa leseni ya unesi. Na Ubeid nilimwambia nimepita.

Wallahi nilitaka kumwambia kweli. Lakini siku ile ya barua ya kwanza nilimkuta na simu sikioni, mamake yuko upande wa pili Mombasa anangoja habari. Huyu Ubeid alikuwa anasomea uinjinia. Akaacha chuo, akashika teksi, ili mimi nimalize masomo yangu kwanza. Alipoinua macho akaniuliza "Vipi?" mdomo wangu ukasema wenyewe, "Nimepita." Akapiga vigelegele, mwanamume mzima!

Basi tangu hapo nikawa natoka nyumbani asubuhi na nguo nyeupe za nesi. Nikifika kazini, kwenye nyumba ya wazee, naingia chooni navaa zile za kijani za wasaidizi. Jioni naenda chooni tena. Nikarudia mtihani kwa siri, nikafeli tena. Sasa ilikuwa imebaki miezi miwili nifanye wa tatu, na hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikipita, uongo utakuwa kweli, na Ubeid hatajua maisha.

Ila kama kuna mtu anayejua. Na mimi nikamjua ni nani.

Chemshabongo ile ilitoka kwenye *Barazani*, kijarida chetu cha kurasa nne za fotokopi, kinachowekwa kila mwezi dukani kwa Abdulghafur kule Stafford. Mtungaji anajiita Mchokozi. Hakuna amjuaye, isipokuwa anayekipiga chapa, naye ni Hadiya, jirani yangu wa chini. Na Hadiya huyo huyo ndiye aliyeniletea barua ya pili kutoka Austin! Tarishi aliitia kwenye sanduku lake la posta kwa makosa. Akanipa imefungwa, ndiyo, lakini kona moja ya bahasha ilikuwa imeinuka. Kona haiinuki yenyewe.

Nikamshukia siku hiyo hiyo. "Shoga, huyu Mchokozi nani?"

"Nimeapishwa, dadangu, simtaji," akajibu, huku anatabasamu. Anatabasamu! "Lakini usiyatie moyoni maneno yake. Ile hadithi ya nje ni chambo tu. Fundi wa mafumbo haya anakupa picha ili uitazame picha, na jibu kalificha kwenye herufi. Wewe iache picha, tafuta herufi."

Chambo! Nikaona, ala, kumbe na mimi ndiye samaki. Nikaenda Stafford kwa Abdulghafur, nikachagua leso iliyoandikwa *Ya mwenzio usiyapekue*, nikampelekea zawadi, nikamkodolea macho aisome. Akaisoma. "Ahsante, shoga, rangi yake nzuri!" akasema, akajifunga palepale akaendelea kukaanga samosa zake. Ama huyu mtu hana hatia, nikajiambia, ama ana uso mkavu kuliko wote niliowahi kuwaona. Nikaamua ana uso mkavu.

Mwezi uliofuata Hadiya akatualika biriani mchana. Ubeid akaja na *Barazani* mpya mfukoni. Hata mikono hatujanawa, akaifungua, akanitazama mimi, akamtazama Hadiya, na Hadiya akainama kuficha kicheko. Niliona yote.

"Mwana, hii yako," Ubeid akasema. "'Mambo manene siyasemi: yumo ndani avaaye nyeupe.' Herufi nne."

Avaaye nyeupe! Masikio yakaniwaka moto. Sikutafuta herufi wala nini. Niliinuka.

"Hadiya, huna haya! Umeifungua barua yangu, umeisoma, umeifunga, halafu unaniandika gazetini Houston nzima inicheke! Haya, nimefeli! Nimefeli leseni, na kila siku navaa nyeupe nikaivulie chooni! Umeridhika?"

Hadiya alibaki na sahani mkononi. "Barua gani, dadangu?" akauliza polepole, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Ubeid.

Ubeid alitoa kalamu. Akakiweka kijarida juu ya meza, akapiga mstari chini ya herufi nne: mwisho wa *manene*, mwanzo wa *siyasemi*. NESI.

"Mchokozi ni mimi," akasema. "Hayo mafumbo nimejifunza uwanja wa ndege, kwenye foleni ya teksi. Yule wa sanduku alikuwa kuku tu, ukiunganisha mwisho wa *sanduku* na mwanzo wa *kubwa* utamwona. Na huyu nimekutungia wewe, kwa kufaulu kwako. Nilimwapisha Hadiya asiseme mpaka ulijue mwenyewe."

Nilimwomba Hadiya radhi. Sijui nilisema nini, najua alinishika bega na leso yangu ile kaivaa. Biriani haikuliwa.

Fleti yetu ilikuwa juu tu ya hapo, lakini Ubeid hakupanda ngazi. Alikwenda kwenye teksi, nikamfuata, tukashika barabara ya Hillcroft bila kwenda popote. Niliona aibu, na hofu, na hata hasira, kwa nini asingenitungia kitu kingine chochote duniani.

Kwenye taa nyekundu akauliza, macho mbele, "Mara ngapi?"

"Mbili."

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, hakuondoka.

"Mimi chuo niliacha mara moja tu," akasema.