Jicho la Fundi Saa

Mume wangu ni fundi saa, na nyumbani anafuga vinyonga wanne kwenye kizimba kimoja. Jana aligundua kuwa jike mmoja amesusa panzi, tumbo limejaa, na anafukua udongo.

"Huyu ana mayai," alisema. "Wenzake wasimsumbue."

Akamhamishia kizimba cha peke yake, akakifunika kwa shuka langu jipya ambalo mimi mwenyewe sijalilalia, akanikataza kukohoa. Kisha akaniagiza ndoo ya mchanga wenye unyevu, jike apate pa kutagia. Niliibeba hadi ghorofa ya tatu. Nilitapika mara mbili ngazini.

"Jicho langu halipitwi na kitu," aliniambia bila kugeuka.

Nina mimba ya miezi minne. Sijamwambia. Nalingoja hilo jicho.