Shahidi wa Shati la Njano

Mkanda wa cherehani ulikatika mara ya tatu kabla ya saa mbili asubuhi. Toussaint aliufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akakanyaga, gurudumu likazunguka. Cha kushona ndicho kilichokosekana. Wiki kama hii, shule zinapofunguliwa, meza yake huwa imefunikwa na mashati meupe na kaptula za bluu, na mwaka jana alifika mahali pa kurudisha wateja. Mwaka huu ilikuwepo sketi moja tu, nayo ya shemeji yake.

"Acha huo mchezo wenu," alisema Yvette, mke wake, huku akipepea makaa kwa mfuniko wa sufuria. Makaa yenyewe yalikuwa machache, maana gunia lilikuwa limepanda bei tena na sasa walinunua kwa kopo. "Watu wanaogopa kukuletea nguo. Wanasema fundi huyu akikupima kifua, anapima mpaka siri zako."

"Ni mchezo tu, Yvette."

"Waambie wao. Miye najua."

Mchezo wenyewe uliitwa Wapelelezi wa Lukuga. Ulipigwa picha hapa hapa Kalemie kwa kamera moja na jenereta la kuazima kanisani, na kila Jumapili alasiri mtaa mzima ulihamia kwa yeyote mwenye televisheni inayowaka. Ulihusu majasusi wa wakati wa vita, mwaka ule wa tisini na nane mji uliposhikwa na waasi. Kamanda wa waasi alikuwa shemasi, mtu mpole asiyeweza kumfukuza mbuzi. Jasusi mrembo aliyeficha barua ndani ya kapu la samaki wadogo wa ndagala alikuwa Elsa, muuza yuniti za simu sokoni, na tangu mchezo uanze vijana walinunua kwake yuniti wasizokuwa na haja nazo.

Balaa lilimwangukia Toussaint. Ruphin, mwalimu wa shule ya msingi aliyeandika mchezo na kuuongoza, alimpaka unga wa muhogo kichwani na ndevuni ili awe mzee, akampa nafasi ya Kisimba, mpelelezi wa waasi anayekaa kitini uzeeni na kusimulia jinsi alivyowauza majirani zake. Malipo yalikuwa soda na mkate. Kosa la Toussaint ni kwamba aliigiza vizuri. Mji huu una watu wengi waliochukuliwa na hawakurudi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyesimama akasema, mimi nilikuwepo. Sasa mmoja alikuwa amesema, tena kwenye televisheni, tena kwa sauti ya uchovu kama ya mtu anayetaka kutua mzigo.

Ndiyo maana hakushangaa sana alipomwona mama mmoja amesimama mbele ya baraza, amejifunga kitenge safi cha kwendea misa na mfuko wa plastiki mkononi. Alikuwa na miaka sitini na kitu.

"Weye njo Kisimba?"

"Miye ni Toussaint, mama. Kisimba ni wa mu mchezo."

"Najua ni mchezo. Sikukuya na ugomvi." Alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. "Miye ni Mama Philomène. Jumapili ile ulisema hivi: yule wa shati la njano hakulia. Tulimuvusha Lukuga, tukamuacha kule kwenye tanuri ya matofali. Ulisema, haukusema?"

"Nilisema, mama."

"Bwana yangu Siméon walimutoa nyumbani na shati ya njano."

Toussaint alijua shati la kwenye mchezo lilikotoka. Lilitoka kwenye sanduku la Ruphin, kwa kuwa mengine yote yalikuwa meupe na kamera ilikuwa haiyapendi. Tanuri la matofali nalo lilichaguliwa kwa sababu mwenye nalo ni mjomba wake Ruphin na hakudai chochote. Alimweleza yote hayo polepole, na Mama Philomène alimsikiliza kama mzazi anavyomsikiliza mtoto aliyeramba sukari akiapa kwamba hajaigusa.

"Hamuwezi kusema wazi," alisema mwishowe. "Naelewa. Njo maana mulifanya mchezo."

Kisha akatoa barua mfukoni, na hapo Toussaint akaelewa kilichomleta leo na si siku nyingine. Kesho mpima viwanja alikuwa anakuja kwenye mtaa wao. Kiwanja cha Mama Philomène, chenye nyumba ya vyumba viwili alimolelea watoto wanne, kilikuwa bado kwa jina la Siméon, na mfanyabiashara wa sementi alikuwa ameshakipigia mahesabu kwa kuwa kiko kando ya barabara. Biro ya serikali ilikuwa imeandika hivi: mwenye kiwanja afike mwenyewe kusaini, au mjane wake alete karatasi ya kifo. Mwisho leo.

"Kwao Siméon ni muzima," alisema. "Miaka hii yote nawaambia amekufa, wao wanasema nilete muntu aliyemuona anakufa. Walioona walivuka Kigoma, wengine walikufa, wengine wanaishi na wanaogopa. Matanga yake sijakaa mpaka leo. Ningelia nini, na kwenye daftari yao ni muzima?" Alimtazama usoni. "Kuja uwaambie uliyosema Jumapili. Njo hiyo tu."

Yvette aliacha kupepea. "Usiende," alisema. "Mama, utusamehe. Lakini karatasi ya namna ile itamufuata muntu mpaka kaburini."

Toussaint alitazama mfuko uliokuwa juu ya magoti ya yule mama. Ndani yake kulionekana mshumaa mmoja mweupe. Mama alikuwa amepanga kutoka biro na kwenda moja kwa moja kwenye tanuri. Toussaint aliona huruma, na pia aliona haya, maana mistari ile aliikariri akila mkate. Akafunika cherehani kwa turubai.

Biro ilikuwa na benchi moja na watu ishirini. Walingoja mpaka saa sita. Mkubwa wa vizazi na vifo, Papa Hénoc, alimpokea Mama Philomène kwa mkono unaopunga kama anafukuza nzi.

"Mama, tena weye? Nilisema nini? Bila shahidi hakuna dosie."

"Shahidi njo huyu."

Papa Hénoc aliinua macho. Uso wake ukafunguka, akasimama kabisa na kunyoosha mkono juu ya meza.

"Kisimba! Papa, weye ni hatari! Bibi yangu anakuchukia mpaka anazima televizyo! Keti, keti. Yule Elsa, kweli watamukamata na ile barua?"

"Sijui, shefu. Mwalimu hajaandika bado."

"Mwambie aniweke na miye. Angalia, sifai kuwa kolonel? Suruali ninayo, ni ndefu kidogo, nitakuletea uipunguze." Alicheka, akavuta karatasi, akavua kifuniko cha kalamu. "Bon. Ulimuona Siméon anakufa?"

Toussaint aligeuka. Mama Philomène alikuwa amekaza macho kwenye kalamu.

"Nilimuona," alisema Toussaint.

"Wapi?"

"Ng'ambo ya Lukuga. Kwenye tanuri ya matofali."

"Na weye ulikuwa kule kwa kazi gani?"

"Shefu, nilikuwa napita tu."

"Hapana. Kupita haikubaliki. Wakubwa wanauliza shahidi alijua namna gani. Naandika vile ulisema mu televizyo." Akaandika, akisoma kwa sauti: shahidi, wakati huo akiwa mpelelezi wa waasi, alikuwepo marehemu alipouawa. "Lete karte."

Toussaint alitoa kadi yake ya uchaguzi. Kwa dakika moja alitumaini kwamba angekataliwa, kwa kuwa kadi ilisema alizaliwa mwaka wa tisini, na mtu yeyote mwenye vidole angeweza kuhesabu. Papa Hénoc alihesabu kweli. Midomo yake ilisogea.

"Ulikuwa na miaka minane."

"Ndiyo, shefu."

Yule mkubwa alifikiri kidogo. "Si neno. Hata bakadogo, wale watoto wa bunduki, walikuwa na miaka gani? Vita ilichukua kila muntu." Akampa kalamu. "Saini pale chini."

Alisaini. Muhuri ulipigwa mara mbili, maana mara ya kwanza wino ulikuwa mkavu. Mashahidi wa kweli waliowahi kuletwa hapa, majirani waliosikia mlango ukivunjwa, shangazi aliyemwona Siméon akipelekwa, wote walirudishwa kwa sababu hawakuona mwisho. Huyu, aliyezaliwa mwaka wa tisini, alikubaliwa kabla ya chakula cha mchana.

Nje jua lilikuwa kali. Walitembea mpaka njia panda, ambapo kushoto unakwenda kwenye daraja la Lukuga na kulia unarudi mtaani. Mama Philomène alisimama pale, karatasi mkononi ikipata upepo.

"Sasa niambie," alisema kwa sauti ndogo. "Mwisho alisema nini?"

Toussaint alitafuta jibu. Ruphin hakuandika kitu. Katika mchezo, yule wa shati la njano alikufa kimya kwa sababu aliyemwigiza alikuwa mvuvi asiyeweza kukariri hata mstari mmoja. Lakini mama alikuwa anangoja, na alikuwa amengoja miaka mingi.

"Aliita jina yako, mama. Alisema, Philomène."

Uso wa yule mama haukubadilika mara moja. Ulichukua muda, kama maji yanayopungua ndani ya beseni lililotoboka.

"Philomène ni jina ya ubatizo," alisema. "Ni ya mu karatasi. Siméon hakuniita vile hata siku moja."

Hakusema Siméon alimwita nani.

"Haukuwa kule."

"Hapana, mama."

"Haukumuona."

"Sikumuona. Tulikuwa tumekimbilia Zongwe, kwa nyanya yangu. Nilikuambia, mama."

"Uliniambia." Alikaa kwenye jiwe kando ya barabara, akalia bila kufunika uso. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, alikuwa na mahali pa kumweka mume wake. Sasa hakuwa napo tena. Toussaint alichuchumaa karibu naye akijichukia.

Alipomaliza, mama alijifuta kwa ncha ya kitenge, akafungua karatasi, akafuata mistari kwa kidole mpaka palipoandikwa mahali pa kifo.

"Niliwaambia ukweli miaka yote hii, hawakuandika," alisema. "Leo wameandika." Akaikunja mara nne na kuifunga kwenye ncha ya kitenge. "Watoto watabaki na nyumba yao. Na huyu muntu wanasema yuko kule kwenye tanuri. Basi twende tukamulilie kule. Nimechoka kungoja pengine."

Alinyoosha mkono, Toussaint akamwinua, akachukua ule mfuko wenye mshumaa. Wakapinda kushoto.

Darajani, wanawake wawili waliobeba mihogo walimtambua. Mmoja akamgusa mwenzake kiwiko. "Angalia, njo Kisimba yule," alisema, na wote wawili wakahamia upande wa pili wa njia. Siku nyingine zote Toussaint angegeuka, angecheka, angewaambia kwamba yeye ni fundi cherehani tu. Safari hii aliushika vizuri ule mfuko wenye mshumaa, akaendelea kuvuka na mama.